Jinsi ya Kumchagulia Mtu Kisa cha Kweli cha Nyambizi

Mtu akikuambia, "Nitafutie kisa kizuri cha nyambizi, lakini kiwe cha kweli," usikimbilie kumtajia kitabu. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Niliwapa watu historia nene za vita vya Atlantiki, zenye ramani na majedwali ya meli zilizozamishwa, nao wakanirudishia wakiwa wameishia kurasa za mwanzo. Hawakuwa wavivu. Niliwatosa kilindini kabla hawajazoea maji ya magotini.

Siku hizi napendekeza tukio kwanza, msimulizi baadaye. Tukio moja la baharini huwa na wasimulizi wengi: aliyekuwamo, aliyekuwa akimwinda, tume iliyochunguza, na mwandishi aliyekuja miaka 50 baadaye na kuzikuta nyaraka zimefunguliwa. Ukishajua tukio linalomfaa mtu wako, kumpata msimulizi ni kazi nyepesi. Fuata hatua hizi, na usiiruke ya nne.

Hatua ya 1: Mfanye aseme anachokitafuta

Wengi husema "vita", kumbe wanachokitaka ni watu waliofungiwa mahali pamoja na hewa inayopungua. Muulize hivi: ungependa kujua walivyookolewa, walivyowindana, au walichokificha?

Majibu hayo matatu yanakupeleka njia tatu tofauti kabisa. Wapo pia wanaopenda mitambo. Hao wape visa ambavyo chanzo cha ajali kilipatikana na kuelezwa. Na wapo wachache wanaotaka swali la dhamira, yaani nani alikuwa na haki ya kuamua nani afe. Hao ndio wasomaji ninaowafurahia zaidi, kwa sababu historia ya bahari imejaa swali hilo na mara nyingi haina jibu.

Hatua ya 2: Anza na chombo kimoja na siku chache

Kisa cha kwanza kiwe chembamba: chombo kimoja, watu wanaoweza kukumbukwa kwa majina, saa zinazohesabika. Vita vizima vitafuata vyenyewe.

Kwa mtu nisiyemjua vizuri huanza na USS Squalus. Asubuhi ya tarehe 23 Mei 1939, nyambizi hii mpya ya Marekani ilipiga mbizi ya majaribio karibu na Portsmouth, New Hampshire, ikiwa na watu 59. Taa za ubao wa kuongozea zilionyesha kwamba matundu yote yamefungwa. Vali kuu ya kupitishia hewa ya injini ilikuwa wazi. Maji yakafurika vyumba vya upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, na nyambizi ikaanza kwenda chini kwa mshazari. Fundi umeme Lloyd Maness alikuwa penye mlango wa chuma unaotenganisha vyumba. Aliushika, akawangoja wenzake waliokuwa wakipanda kumfuata huku maji yakiwapanda, kisha akaufunga. Wanaume 26 walikufa upande wa pili wa mlango huo na vyumba vinavyofuata. Waliobaki hai walikuwa 33, gizani, kwenye baridi kali, mita 74 chini ya mawimbi.

Nyambizi mwenza wao, USS Sculpin, ndiyo iliyotumwa kuwatafuta na kuliona boya lao. Kwa muda mfupi walio juu wakazungumza kwa simu na walio chini, hadi waya ukakatika.

Hapo ndipo anapoingia Charles Momsen, na hapa msomaji hukaa wima. Mwaka 1925 Momsen alikuwa nahodha wa nyambizi iliyotumwa kuitafuta S-51, iliyokuwa imegongwa na meli ya abiria. Alifika juu ya mahali ilipozama na hakuwa na chochote cha kuwafanyia waliokuwamo. Miaka miwili baadaye ikazama S-4. Mabaharia sita waliokuwa hai katika chumba cha torpedo, yale makombora ya kwenda chini ya maji, waligonga chuma kwa alama za Morse, wapiga mbizi wakawajibu kwa kugonga, na bado wote wakafa. Momsen akatumia miaka iliyofuata kuunda kifaa cha kupumulia na kufanyia majaribio kengele kubwa ya chuma ya kuteremshwa hadi kwenye mlango wa nyambizi iliyozama. Kengele hiyo ndiyo iliyoteremshwa kwa Squalus. Katika safari ya mwisho kamba yake ya waya ilikwama na nyuzi zake zikaanza kukatika, ikabidi irudishwe chini, na hatimaye ikavutwa juu kwa mikono. Wote 33 walitoka hai.

Nakichagua kisa hiki kwa kuwa chanzo cha ajali kinajulikana, walionusurika walitoa ushahidi wao wenyewe, na ule mlango haumtoki msomaji kichwani. Kina sehemu ya pili, iliyotokea miaka minne baadaye. Usiitaje kabisa kwa sasa.

Akikuuliza kama mambo huishia vizuri hivyo siku zote, mpe HMS Thetis ya Uingereza. Ilizama katika ghuba ya Liverpool tarehe 1 Juni 1939, siku 9 tu baada ya Squalus. Kitundu kidogo cha kupimia kama kuna maji ndani ya mrija wa torpedo kilikuwa kimezibwa na rangi, mlango wa ndani ukafunguliwa, bahari ikaingia. Sehemu ya tezi ilikaa juu ya maji kwa saa kadhaa, waokoaji wakiiona kwa macho yao. Kati ya watu 103 walitoka wanne. Visa hivi viwili vikisomwa pamoja vinamfundisha mtu mengi kuliko historia nzima ya jeshi la majini.

Hatua ya 3: Mpe maarifa machache kabla hajazama

Dakika tano zinatosha. Mweleze kwamba nyambizi huzama kwa kuyaruhusu maji yaingie katika matangi yake, na huibuka kwa kuyasukuma nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Mweleze kwamba kila mita 10 za kina huongeza uzito sawa na wa anga lote lililo juu yetu, ndiyo maana tundu dogo kilindini ni jambo la kufa na kupona.

La muhimu zaidi, mwondolee dhana kwamba nyambizi za vita viwili vya dunia ziliishi chini ya maji. Zilikuwa vyombo vya juu vyenye uwezo wa kujificha chini kwa muda. Zilitembea kwa injini za dizeli juu ya maji, na zikiwa chini zilitegemea betri. Nyambizi ya kawaida ya Ujerumani ya aina ya VII, yenye watu zaidi ya 40, haikufikia mwendo wa noti 8 (kama kilomita 15 kwa saa) ikiwa chini, na kwa mwendo huo betri iliisha upesi. Msomaji asiyejua hili hataelewa kwa nini nahodha anaibuka juu palepale adui anapomsubiri. Hana hiari: betri imekwisha na watu wake wanahema kwa shida.

Na tani za meli za biashara zinazotajwa katika orodha za ushindi hazihusu uzito. Ni kipimo cha ujazo wa ndani ya meli. Wasimulizi wengi hulisahau hili.

Hatua ya 4: Tazama kisa kilisimuliwa mwaka gani

Hatua hii ndiyo roho ya mwongozo wote. Majeshi ya majini hutunza siri kuliko mengine, na kisa kilichoandikwa kwa moyo safi mwaka 1955 kinaweza kukosa kiungo kikuu, kwa sababu mwandishi hakuruhusiwa kukijua.

Chukua U-110. Tarehe 9 Mei 1941 Waingereza waliilazimisha kuibuka, mabaharia wake wakaruka majini wakidhani inazama. Luteni David Balme, kijana wa miaka 20, alishuka ndani yake na wenzake wachache bila kujua kama kuna mabomu yaliyotegwa, wakatoka na Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe kwa misimbo, na vitabu vya misimbo. Mateka wa Kijerumani walikuwa wameshapelekwa sehemu za chini za manowari ya HMS Bulldog ili wasione kinachotendeka. Nyambizi ikazama siku iliyofuata ikivutwa, na siri ikafukiwa. Umma haukuanza kuelezwa habari za kuvunjwa kwa misimbo ya Enigma hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo historia yoyote ya vita vya Atlantiki iliyotangulia miaka hiyo inaeleza misafara ya meli ikikwepa nyambizi kana kwamba ni bahati au werevu wa makamanda.

Kilichonigusa zaidi ni kisa cha U-559, katika mashariki ya Mediterania, tarehe 30 Oktoba 1942. Mabaharia wa HMS Petard, Tony Fasson na Colin Grazier, waliogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikizama, wakaingia ndani, wakawa wanapokeza vitabu juu. Kijana wa kantini Tommy Brown, aliyekuwa na miaka 16 na alikuwa amedanganya umri ili ajiunge, alipanda na kushuka akivipokea. Nyambizi ikazama ghafla na Fasson na Grazier wakiwa ndani. Vitabu hivyo viliwasaidia wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo, kuanza kusoma tena, Desemba mwaka huo, ujumbe wa nyambizi za Atlantiki baada ya miezi kumi ya giza. Fasson, Grazier na Brown walitunukiwa nishani, lakini familia zao hazikuambiwa kilichokuwa ndani ya vitabu vile.

Kwa vitendo, basi, fungua ukurasa wa taarifa za uchapishaji kabla ya sura ya kwanza. Kisa cha vita vya pili vya dunia kilichoandikwa zamani usikitupe, maana kina sauti za walioona; mpe mtu pamoja na kingine cha baada ya miaka ya 1970. Vita baridi ni hivyohivyo. Mwaka 1974 Marekani ilituma meli kubwa iitwayo Hughes Glomar Explorer, ikijifanya inachimba madini baharini, kumbe inainua mabaki ya nyambizi ya Kisovieti K-129 iliyozama mwaka 1968 kwenye Bahari ya Pasifiki. Kilichoandikwa mwaka ule na kilichoandikwa baada ya nyaraka kufunguliwa ni kama visa viwili.

Hatua ya 5: Mtafutie na upande wa pili

Msimulizi aliyezungumza na upande mmoja tu hukupa nusu ya bahari. Mfano wangu ni USS Indianapolis. Manowari hii ilikuwa imepeleka vipande vya bomu la atomiki kisiwani Tinian. Usiku wa tarehe 30 Julai 1945 ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani I-58, ikazama kwa dakika 12. Watu karibu 900 waliingia majini, na hakuna aliyekuja kuwatafuta hadi rubani mmoja alipowaona kwa bahati siku ya nne. Waliookoka ni 316.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya papa. Mimi hukipendekeza kwa ajili ya mahakama. Nahodha Charles McVay alishtakiwa kwa kutopeleka manowari yake kwa mwendo wa kupindapinda, na mmoja wa walioitwa kutoa ushahidi alikuwa Mochitsura Hashimoto, nahodha yuleyule wa I-58 aliyeizamisha. Hashimoto alisema kupindapinda kusingebadilisha kitu. McVay alitiwa hatiani hata hivyo, na mwaka 1968 akajiua. Mabaharia walionusurika hawakunyamaza. Hashimoto naye, akiwa mzee, aliandika barua kutoka Japani kumtetea. Oktoba 2000 Bunge la Marekani likapitisha azimio la kumwondolea lawama. Adui ndiye aliyekuwa shahidi wake bora. Ukikuta usimulizi ambao Hashimoto ni kivuli tu chenye periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, tafuta mwingine.

Kwa msomaji wa swali la dhamira, mpe meli ya SS Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo Februari 1944 ikiwa imebeba askari, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi. Karibu na Maldivi ikapigwa torpedo na nyambizi ya Japani I-27, ikazama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa. Manusura walipokuwa wakielea, nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari zilizosindikiza msafara zikaangusha mabomu ya chini ya maji palepale walipokuwa wanaogelea. Moja ya manowari hizo ilikuwa HMS Petard, ileile ya Fasson na Grazier. Nyambizi ikibaki, meli nyingine za msafara zingefuata. Sijawahi kumpa mtu kisa hiki akakirudisha bila kutaka kuzungumza, nami sina hukumu ya kumpa. Kwetu tunaosoma Kiswahili kina uzito wa pekee, na kinasimuliwa kidogo mno.

Hatua ya 6: Pima ukweli wa msimulizi

Mtego mkubwa ni mazungumzo ya wafu. Ikiwa nyambizi ilipotea na wote waliokuwamo, kisha mwandishi anakuandikia nahodha alivyomkaripia fundi wake dakika ya mwisho, amebuni. USS Thresher ilipotea na watu 129 tarehe 10 Aprili 1963. Tunachojua ni ujumbe uliofika juu na mabaki yaliyopatikana. Msimulizi mwaminifu huishia hapo na kueleza uchunguzi. Kursk ya Urusi, iliyozama na watu 118 tarehe 12 Agosti 2000, ni tofauti kidogo: Dmitri Kolesnikov aliandika gizani barua iliyoonyesha kwamba watu 23 walikuwa wamekusanyika katika chumba cha tisa. Barua ipo. Kinachozidi barua ni kubahatisha, na mwandishi aseme hivyo.

Angalia pia hesabu za ushindi. Manahodha wa pande zote walidai kuzamisha meli nyingi kuliko zilizothibitishwa baada ya vita. Hawakuwa waongo lazima; mtu anayesikia mlipuko akiwa chini, anakimbia mabomu, hana nafasi ya kuchungulia na kuhesabu. Kitabu kinachonakili madai hayo bila kuyalinganisha na nyaraka za upande uliopigwa kisikae juu ya orodha yako.

Jihadhari vilevile na kisa kinachotegemea shahidi mmoja. Tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa Marekani na Wasovieti kuhusu makombora ya Kuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilizingirwa na manowari za Marekani ikiwa na torpedo ya nyuklia. Inasimuliwa kwamba nahodha alitaka kuitumia na afisa mwenzake Vasili Arkhipov akamtuliza. Habari hizi zilijulikana sana mwaka 2002, zikitegemea hasa kumbukumbu za afisa mmoja aliyekuwamo, na makamanda wengine wa kikosi hicho hawakukubaliana naye jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Kisa ni cha kupendekezwa, nami hukipendekeza, lakini kwa msimulizi anayekuonyesha mahali mashahidi wanapotofautiana.

Ila usiwe mwepesi wa kudharau hadithi za zamani. Nyambizi H. L. Hunley ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliyoendeshwa kwa kuzungusha mtaimbo kwa mikono, iliizamisha USS Housatonic karibu na Charleston tarehe 17 Februari 1864, nayo haikurudi. Ilisimuliwa kwamba nahodha wake, George Dixon, alitembea na sarafu ya dhahabu ya dola 20 iliyopindishwa na risasi katika vita vya Shiloh, ikayaokoa maisha yake. Wengi waliiona kama ngano. Nyambizi ikainuliwa Agosti 2000, na mwaka uliofuata wachimbaji waliikuta sarafu kwenye mabaki yake, imepinda, imechongwa jina la Shiloh na tarehe ya vita.

Hatua ya 7: Mpime na msomaji mwenyewe

Mwenye ndugu anayefanya kazi baharini usimwanzishie Kursk wala Thetis. Mtoto mpe safari ya USS Nautilus, iliyopita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958 ikiwa na watu 116. Anayesema hapendi vita mpe Squalus, maana ilikuwa wakati wa amani. Anayedhani mabaharia wa nyambizi za Ujerumani walikuwa na raha, mwambie tu kwamba karibu robo tatu yao hawakurudi, kisha mwache achague.

Hatua ya 8: Mtambulishie kwa maneno machache, na ubakize kitu

Sentensi tatu zinatosha: chombo gani, kimekwama vipi, na nani ana nafasi ya kufanya jambo. Kwa Squalus mimi husema: "Nyambizi imelala mita 74 chini, ndani yake wamo watu 33 walio hai. Hakuna aliyewahi kuokolewa kutoka kina hicho. Kuna mtu mmoja ambaye amelifikiria jambo hili kwa miaka 14." Hapo nanyamaza. Idadi ya waliotoka sitaji.

Akimaliza kusoma, ndipo umpe ile sehemu ya pili. Squalus iliinuliwa, ikatengenezwa, ikarudishwa kazini kwa jina jipya, Sailfish. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943, katika bahari iliyochafuka, Sailfish iliiwinda manowari ya Japani ya kubeba ndege iitwayo Chuyo na kuizamisha. Ndani ya Chuyo walikuwamo mateka 21 wa Kimarekani, na mmoja tu ndiye aliyepona. Walikuwa mabaharia wa nyambizi iliyopotea wiki mbili kabla, na waliokuwa ndani ya Sailfish hawakujua kwamba wapo humo. Nyambizi yao ilikuwa Sculpin.

Mwache akae nalo kwanza. Kisha muulize kisa kijacho angependa kiwe cha namna gani, maana jibu lake halitakuwa lile la mwanzo.